Baba Mkwe Haangalii Sinema za Vita: Anko Rimoti Ajibu Barua Zenu

Mwezi uliopita nilichomekea mistari miwili mitatu hapa kuhusu sinema na tamthilia za vita, nikauliza kama utani hivi, kuna mtu ameshawahi kukaa kuangalia na mzee aliyepigana vita kweli? Basi simu ikajaa. Nimechagua barua nne, nyingine zimefanana sana, na wale walioniuliza bei ya king'amuzi wanisamehe, mi si fundi.

Shikamoo Anko Rimoti. Nimeolewa Muleba, baba mkwe alikuwa JWTZ na vita ya Kagera alienda mpaka Uganda ndani kabisa. Ni mzee mpole, anacheka, anacheza na wajukuu. Sasa mume wangu kanunua tv kubwa na anapenda mno muvi za vita, akiweka tu mzee anainuka kimya kimya anaenda kukaa nje kwenye migomba, hata iwe usiku, hata mvua inyeshe. Mume wangu anasema baba kazeeka, hapendi kelele. Lakini mpira ukiwepo hatoki, harusi ikipita na matarumbeta hatoki. Nimuulize? Naogopa, ni mkwe wangu. Mama K, Muleba

Marahaba Mama K. Jibu umeshalitoa mwenyewe bila kujua, pale uliposema mpira hatoki. Huyo kelele hazimsumbui, kinachomsumbua anakijua yeye.

Nikwambie kitu. Mwaka 1998 ilitoka Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, nadhani ndo hiyo hiyo mumeo anayo. Inaanza na wanajeshi wa Marekani wanateremka kwenye maboti ufukwe wa Omaha kule Normandy, tarehe 6 Juni 1944, kama dakika 25 hivi ni risasi na maji mekundu tu. Walikuja wazee waliokuwepo siku ile, wamekata tiketi vizuri, miaka 54 imepita, na wengine walishindwa kumaliza wakatoka nje ya ukumbi. Serikali ya Marekani kupitia idara yake ya maveterani ikabidi ifungue laini ya simu ya bure ili mzee aliyevurugwa na ile sinema apige aongee na mtu. Sinema hiyo! Mtu kakaa miaka hamsini ana duka lake, ana wajukuu, halafu spika ya ukumbini inamrudisha kwenye boti.

Kuna mwingine anaitwa Audie Murphy, kijana maskini wa Texas, vita ya pili ya dunia imemmalizikia akiwa na nishani kubwa kuliko zote kwao. Mwaka 1955 wakamfanyia sinema ya maisha yake, To Hell and Back, na anayemwigiza Audie Murphy ni Audie Murphy mwenyewe. Fikiria hilo Mama K, unalipwa kukimbia tena kama siku ile rafiki zako walipokufa, sa hivi damu ni rangi na mtu wa kamera anakwambia rudia. Ikapata hela kweli kweli. Na mtu huyo huyo usiku alikuwa analala taa zinawaka na bastola imejaa risasi chini ya mto, akafika mahali bila vidonge usingizi hauji. Alikuja kulisema hadharani, jambo ambalo wanaume wa wakati ule walikuwa hawalisemi.

Madaktari wa Marekani hali hii waliipa jina rasmi, PTSD, kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980 tu, yaani mkweo alikuwa ameshavua kombati yuko shambani. Kiswahili chetu tulikuwa na neno siku nyingi, kiwewe, ila tunalitumia kwa mtu aliyekoswa na bodaboda. Wanajeshi waliorudi 1979 wakiota usiku wanapiga kelele, nyumbani walisema ana jini, au Waganda wamemrushia kitu.

Baba yangu mdogo naye alienda. Aliporudi alikuwa hana kucha mbili za mguu wa kulia, maana watu hawajui, jeshi letu sehemu kubwa ya Uganda liliipita kwa miguu, malori hayakutosha. Nikiwa kidato cha pili nikambembeleza nikampeleka banda la video kuona muvi ya vita, nikijua atafurahi. Akakaa kimya robo tatu ya muvi, mi namchungulia, halafu akaniinamia sikioni akauliza, "Sa hawa wanakula saa ngapi?" Mi nikacheka. Hakuwa anatania. Baadaye kidogo tena, "Mbona wamevuka mto na viatu vimekauka?" Halafu akatoka, nikamkuta nje anaongea na muuza karanga.

Sasa ufanyeje. Usimuulize, we mwache, tena uko sahihi kuogopa. Mumeo ndo wa kuongea na baba yake, na wala asianze na vita, aanze na sauti, "baba nikiweka hizi nipunguze?" tu basi. Spika za masikioni zipo, haziui mtu. Kama kuna mzee mwenzie wa kikosi yuko karibu, mwalikeni aje watembeleane, hao wanaongea kwa nusu sentensi na wanaelewana. Akiwa halali usiku, au anashtuka mpaka anapiga watu, hiyo si ya kunyamazia, hospitali ya mkoa ina watu wa afya ya akili na hawatamwona mwehu. Na akitoka kwenda kwenye migomba mpelekee koti na zile kahawa zenu za kutafuna, weka, rudi ndani.

Anko mambo vipi, huku kibanda umiza Mbagala kuna ubishi umetushinda tumewekeana soda. 1. Rambo ni mtu wa kweli? 2. Bomu la mkono likilipuka linatoa moto mkubwa vile kama kwenye muvi au ni chai? Dogo wa Rimoti Mbovu

Dogo poa. Naanza na la pili. Ni chai. Bomu la mkono likilipuka kweli unaona moshi, vumbi na kishindo kifupi, kinachoua ni vipande vya chuma ambavyo huvioni vikija. Lile pipa la moto ni petroli, wale mafundi wa sinema wanaiwasha kwa sababu vumbi halipendezi. Na ile ya kung'oa pini kwa meno usijaribu, litakalong'oka ni jino. Na tena kwenye muvi jamaa anafyatua bunduki ndani ya chumba halafu anamnong'oneza mwenzie na mwenzie anasikia, wapi, hapo masikio yanalia nzii mpaka kesho.

La kwanza, si mtu wa kweli, katungwa, kwa hiyo soda mgawane. Ila hapo kwa Rambo ngoja nikae kidogo maana Tanzania nzima tumelibeba hilo jina mkononi, mifuko ya rambo hadi serikali ilipoipiga marufuku Juni 2019, na wengi hatujui tulikuwa tumebeba nini.

Ile ya kwanza kabisa, First Blood ya 1982, ni hadithi ya mgonjwa. John Rambo karudi toka Vietnam, anatembea kwa miguu na begi lake kumtafuta rafiki yake wa mwisho aliyebaki kwenye kikosi chao, anafika anakutana na mama wa nyumba ile anaanika nguo, anaambiwa keshakufa, kansa, ya yale madawa waliyomwagiwa misituni kule. Anaondoka hana pa kwenda. Polisi wa kamji fulani wanamwona mchafu wanamfukuza, akirudi wanamkamata, wakitaka kumnyoa kwa wembe kichwa kinamrudisha kwenye mateso ya kule Vietnam, ndo anachanganyikiwa sasa. Na muvi nzima anayekufa ni mtu mmoja tu, kaanguka toka kwenye helikopta. Mmoja! Kwenye riwaya iliyotangulia, ya David Morrell, Rambo mwenyewe anakufa, na kwenye sinema nako walipiga mwisho wa kumuua, watazamaji wa majaribio wakaukataa. Kwa hiyo badala yake anakaa chini analia kama mtoto mbele ya kanali wake, anasimulia jinsi mwenzie alivyopasuliwa na bomu na yeye anahangaika kumkusanya.

Sasa Dogo, mi ile sehemu niliiona nikiwa mtu mzima. Kwenye banda letu mwenye mashine alikuwa akifika pale Rambo anaanza kulia anapeleka mkanda mbele, kwa sababu wateja walikuwa wanapiga miluzi, "aa weka mapigano!" Tukaja kupewa za pili na kuendelea, misuli imejaa mafuta, anaua kijiji. Hiyo ndo tuliyoilipia.

Sasa Anko Rimoti. Niko Machakos. Babu yetu alikuwa KAR, ile Keya, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, alipigana Burma na Wajapani, alitusimulia matope na mvua miezi na miezi mpaka tukachoka kusikia. Alishatuacha. Mimi hutafuta movie za Burma na zile nimeona hakuna Mwafrika hata mmoja, ni Mzungu na Mjapani tu. Kuna binamu yangu husema labda babu alikuwa mpishi tu kwa kambi hapa Kenya na hizo zingine alituongezea. Ukweli ni gani? Mjukuu wa Keya

Mjukuu, mwambie binamu akaombe radhi kaburini. Na hata angekuwa mpishi, baba mdogo wangu angempigia saluti.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikwenda Burma 1944, alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru, ndani yake kuna vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, na Wakamba wa huko kwenu walikuwa wengi sana kwenye Keya. Wakaingizwa bonde la Kabaw masika yamechachamaa, njia zimegeuka uji, malaria inakula watu, chakula kinadondoshwa na ndege kwa miavuli na siku wingu likiwa zito hamli. Matope ya babu ndo hayo. Mwanzoni mwa Desemba wakachukua mji wa Kalewa, mto Chindwin ukatandikwa daraja la vyuma la mita kama 350, jeshi la Jenerali Slim wa Uingereza likavuka. Na hapo hujaweka divisheni mbili za Afrika Magharibi, ya 81 na ya 82, zilizokuwa upande mwingine wa nchi hiyo hiyo.

Sinema ziko wapi? Hapa kuna kichekesho. Mwaka 1945 Wamarekani walitoa Objective, Burma!, nyota wake Errol Flynn, Burma nzima inakombolewa na makomandoo wa Kimarekani. Waingereza walivimba! Magazeti yakapiga kelele, London ikaonyeshwa wiki moja ikaondolewa, ikarudi 1952 na maneno ya kuwatuliza mwanzoni. Hoja yao ilikuwa ya haki kabisa, mbona mmetufuta na vita tumepigana sisi? Sawa. Halafu Waingereza wenyewe wakishika kamera, askari mwenye alama ya kifaru begani yuko wapi? Ile maarufu ya daraja la mto Kwai ya 1957, iliyobeba Oscar saba, waliipigia Ceylon, yaani Sri Lanka, kisiwa kile kile ambacho kina babu yako walikaa wakifanya mazoezi kabla ya kupelekwa Burma.

Na usidhani visa vya kuigiza havipo. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini na msafara kwenda Colombo, imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, manesi, mabaharia. Tarehe 12 mchana nyambizi ya Kijapani ikaipiga makombora mawili, kwa dakika mbili hivi meli ikawa haipo. Walionusurika wanaelea, na nyambizi imejificha chini yao, manowari za Kiingereza zikaona ikiachwa itamaliza meli nyingine, zikaja kudondosha mabomu ya maji katikati ya watu wao wenyewe waliokuwa wanapunga mikono. Watu 1,297 walikufa. Hiyo peke yake ni sinema nzima, ukiiweka vizuri watu hawatameza bisi.

Hela pia usisahau. Mwaka 2019 zilitoka habari za nyaraka zinazoonyesha kiinua mgongo cha vita ile kilipangwa kwa rangi, Mzungu wa cheo kile kile akipewa mpaka mara tatu ya Mwafrika. Siku ukishuka Nairobi pita Kenyatta Avenue kwenye yale masanamu matatu ya shaba. Ni ya vita ya kwanza, ya kina babu wa babu, askari na wapagazi wa Carrier Corps, ndo jina la Kariakoo lilipotoka. Pameandikwa kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka utafute jina, hamna hata moja.

Kama shangazi au mama bado wapo, waulize walichosikia, rekodi kwenye simu. Na sanduku la babu nani kalichukua? Vile vitambulisho na nishani vina namba ya askari, na ukiwa na namba una pa kuanzia.

Anko habari, sisi ni vijana watano hapa Dar tumemaliza chuo cha filamu, tunataka kutengeneza tamthilia ya Vita ya Kagera, vipande sita. Bajeti ni ya kuokoteza, vifaru hatuna, helikopta ndo usiseme. Tunaogopa wazee watatucheka. Tuanzie wapi? Na tukiweka mapenzi kidogo ni vibaya? Watano wa Sinza

Mambo ya msingi kwanza, hamjachelewa sana. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa hivi anakaribia 70, wengi wapo, mnakaa nao mtaa mmoja na hamjui. Msianze na skripti, anzeni na hao.

Tazameni Band of Brothers ya 2001, tamthilia ya kikosi cha Wamarekani vita ya pili ya dunia, si kwa mapigano. Mwanzo wa vipande vyake wanaweka wazee wenyewe wa kile kikosi wanaongea, uso tu na sauti, bila jina. Majina wanayatoa kipande cha mwisho, na muda wote ulikuwa hujui huyu mzee anayefuta machozi ndo yupi kati ya wale vijana. Hela haihitajiki hapo, inahitajika simu nzuri na subira. Ila hao hao walichemka. Kuna askari anaitwa Albert Blithe, kipande cha tatu kinaisha na maandishi kwamba hakupona majeraha yake akafa 1948. Kumbe aliendelea na jeshi, akapigana mpaka Korea, akafariki 1967. Mamilioni ya dola yote yale na wakamzika mtu miaka 19 kabla ya siku yake, kwa sababu wenzie walikuwa wanaamini hivyo na hakuna aliyeenda kubisha hodi kwa familia. Ninyi mkiambiwa fulani alifia Lukaya, ulizeni watu wawili zaidi.

Mtafuteni mstaafu mmoja akae nanyi siku zote za kupiga picha. Huko Marekani yupo Dale Dye, kapteni mstaafu aliyepigana Vietnam, tangu sinema ya Platoon ya 1986 anachukua waigizaji anawatupa porini, wanalala kwenye mashimo, wanachimba wenyewe, kamera ikiwashwa wamechoka kweli. Ninyi mkipata sajenti mmoja mkali akawatembeza na mzigo toka Kibaha mpaka Chalinze mtakuwa mmeokoa nusu ya bajeti ya kujifunza kuigiza uchovu.

Mambo ya Amin mwenyewe waachieni wengine, kashaigizwa sana. Joseph Olita wa Kenya alimfanya 1981, Forest Whitaker akapata Oscar kwa The Last King of Scotland ya 2006, na hiyo ya pili daktari mnayemfuata mwanzo mwisho ni wa kutungwa na hadithi inakomea kwenye mambo ya ndege iliyotekwa Entebbe 1976, vita yetu haimo kabisa. Kwa hiyo uwanja mnao. Mnayo hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na watu wamejikunyata kwenye redio. Mnalo daraja la Kyaka limelipuliwa na watu wamebaki ng'ambo na ng'ombe wao. Mnao mgambo, polisi, magereza, JKT, jeshi la watu wasiofika elfu 40 likafika zaidi ya laki na nusu, yaani mwalimu wa UPE na muuza samaki wamevishwa kombati. Ile mizinga ya maroketi Waganda waliiita saba saba, na wanajeshi wetu wakaitwa bakombozi, na mkiwauliza wazee vizuri watawaambia kukaa Uganda baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979 kulikuwa na mambo ambayo ukombozi haukuhusika. Msiyakwepe hayo, msiyatie chumvi pia.

Vifaru kutokuwepo msilie. Vita kwa mtu wa chini ni kusubiri. Watu sita kwenye handaki, mvua ya Machi, mmoja anahadithia harusi ya dada yake kwa mara ya nne, na kishindo kinasikika mbali huko, hicho kishindo kompyuta inatosha. Mapenzi wekeni, nani kawakataza? Ila msimweke mtoto mzuri aliyevaa kanga mpya anakimbia kwenye reli. Mwekeni mke ameshika foleni ya sabuni duka la kijiji, tumeambiwa tufunge mikanda miezi 18 na miezi yenyewe haikuisha, mume karudi kabeba redio toka Kampala na hataki kulala kitandani.

Wazee watawacheka, hilo halina dawa. Watachekea nywele, watachekea mnavyoshika SMG, watachekea saluti. Mkishamaliza kipande cha kwanza wawekeeni wazee watatu wanne sebuleni kabla hamjamwonyesha mtu mwingine yeyote, mkae pembeni na daftari. Andikeni wanapocheka, na akitoka mtu nje andikeni dakika. Na kabla ya hapo mkague vitu viwili, wahusika wenu wamekula wapi, na wakishavuka mto Kagera viatu vyao viko hali gani.